Kompyuta Inapoganda: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kuganda kwa kompyuta ni hali ambayo mashine, ikiwa imewashwa na skrini yake ikionyesha picha kama kawaida, huacha kuitikia mkono wa mtumiaji: kishale cha mausi hakisogei, herufi zinazochapwa hazitokei, na saa iliyo pembeni mwa skrini hubaki ikionyesha dakika ileile ambayo tatizo lilianzia. Wengine husema mashine imestaki, wengine husema tu kwamba imegoma, na maneno yote hayo hukusanya chini ya jina moja maradhi ambayo kwa undani wake hayana undugu. Mashine ambayo feni yake imesongwa na vumbi, ile ambayo diski yake imeanza kuchakaa, na ile iliyofunguliwa kurasa nyingi kuliko kumbukumbu yake inavyoweza kubeba, zote huonekana sawasawa mbele ya mtu aliyeketi kwenye kiti, kwa sababu anachokiona yeye ni picha isiyotikisika na basi. Ndiyo maana dawa iliyozoeleka katika vibanda vingi vya ufundi, ya kufuta kila kitu na kupiga Windows upya, huponya baadhi ya mashine na kuziacha nyingine zikirudi kwa fundi baada ya wiki moja na ugonjwa uleule, huku mafaili ya mwenyewe yakiwa yamekwisha kupotea.

Jambo la kwanza linalostahili kueleweka ni kwamba kompyuta yenyewe haina njia ya uhakika ya kujua kama imeganda. Prosesa, yaani kile kidude kidogo kinachofanya mahesabu yote, hupiga mapigo kama bilioni 3 kwa sekunde katika mashine ya kawaida ya mezani, na mara nyingi wakati skrini imetulia tuli, mapigo hayo yanaendelea vilevile, isipokuwa yanazunguka mahali pamoja au yanasubiri jibu lisilokuja. Mwaka 1936 mwanahisabati wa Uingereza, Alan Turing, alithibitisha kwamba haiwezekani kubuni utaratibu mmoja wa kukokotoa ambao, ukipewa programu yoyote ile, utaweza daima kusema kama programu hiyo itafika mwisho wake au itazunguka milele. Kwa kuwa hukumu ya hakika haipatikani, watengenezaji wa Windows waliridhika na kipimo cha kukadiria: dirisha la programu likikaa sekunde 5 bila kupokea ujumbe linaotumiwa na mfumo, mfumo hulitangaza kuwa halijibu, hulififisha rangi, na mtumiaji akizidi kulibofya humuuliza kama lifungwe. Kipimo hicho hakitofautishi programu iliyokufa na programu iliyozama katika kazi nzito, kwa hiyo si haba idadi ya programu zilizouawa na watumiaji wenye haraka zikiwa zimebakiza dakika moja kumaliza kazi.

Swali la msingi basi ni nani hasa aliyenyamaza, na njia ya kulijibu haina gharama. Mashine ikiganda, kabla ya kugusa kitufe cha kuzimia, hubonyezwa kitufe cha Caps Lock au Num Lock kwenye kibodi, na jicho likaelekezwa kwenye taa yake ndogo. Taa hiyo haiwashwi na kibodi peke yake. Huwashwa kwa amri inayotoka kwenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia nyingine zote. Taa ikiwaka na kuzima kila kitufe kinapobonyezwa, kiini cha mfumo bado ki hai na kinachosumbua ni programu fulani au foleni ya kazi iliyoziba njia, hivyo kuna matumaini kwamba Ctrl, Shift na Esc zikibonyezwa kwa pamoja, orodha ya kazi zote zinazoendelea itafunguka, na humo mwenye kula prosesa, kumbukumbu au diski ataonekana waziwazi kwa asilimia yake. Taa isipoitikia kabisa, mgando umefika chini zaidi, kwenye kiini cha mfumo, kwenye diraiva, au kwenye chuma chenyewe. Diraiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa fulani, kama vile kadi ya picha au printa, na kwa kuwa nyingi miongoni mwake hukaa ndani kabisa ya mfumo, moja ikikosea huweza kuangusha nyumba nzima. Ishara nyingine inayostahili kusikilizwa ni sauti: muziki ukikatikia kwenye mlio mmoja unaojirudia kwa ukali kama nyuki, mfumo wote umesimama ghafla, na uchunguzi uelekezwe kwenye vifaa na diraiva badala ya programu za kawaida.

Ishara hizo huwa na thamani zikiandikwa. Daftari la kurasa chache lililowekwa kando ya mashine, ambamo kila mgando unaandikiwa saa, muda uliopita tangu mashine kuwashwa, kazi iliyokuwa ikifanyika na hali ya taa, husema mengi kuliko kumbukumbu ya mteja anayemwambia fundi kwamba inaganda tu muda wote. Mashine inayoganda nusu saa baada ya kuwashwa, na ikizimwa kidogo na kuwashwa tena ikaganda baada ya dakika tano, inazungumzia joto. Inayoganda kila inapofunguliwa folda fulani inazungumzia diski, na inayoganda bila mpangilio wowote, leo mara tatu, kesho hata mara moja, huelekeza mashaka kwenye kumbukumbu au umeme. Windows yenyewe hutunza daftari la aina hiyo, lakini husomwa vibaya na wengi: tukio namba 41, ambalo watu hulikimbilia wakidhani ndilo jina la ugonjwa, maana yake ni kwamba mashine iliwashwa upya bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Mtu akichomoa waya ukutani, tukio hilo huandikwa vilevile.

Joto ndilo mshukiwa anayetajwa kwanza, na kwa mazingira ya pwani ya Afrika Mashariki mashaka hayo si ya bure. Prosesa ya kompyuta ya kawaida ya mezani huweza kutumia wati 65 hivi ikifanya kazi, na karibu umeme wote huo hugeuka joto katika kipande cha silikoni chenye eneo dogo kuliko stempu ya barua. Joto hilo huondolewa na kipoza, yaani pande la alumini lenye mapezi membamba mengi, ambalo limegandamizwa juu ya prosesa kwa tabaka jembamba la mafuta mazito ya kupitisha joto, na juu yake feni. Kompyuta iliyowekwa sakafuni katika duka la steshenari kando ya barabara ya vumbi, ikifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, ikifunguliwa baada ya mwaka mmoja au miwili hukutwa na sura ya kudanganya: panga za feni zina vumbi la kawaida tu, lakini feni ikishafunguliwa skrubu zake nne na kuinuliwa, chini yake huonekana tandiko la kijivu lililolala juu ya mapezi, nene kama kitambaa cha flana, ambalo huweza kubanduliwa kwa vidole likatoka kipande kizima. Hewa ya feni ilikuwa ikigonga tandiko hilo na kurudi juu, na anayepuliza kasha kwa blowa kutoka nje bila kuinua feni hulishindilia zaidi.

Hata hivyo, prosesa za miaka ya karibuni zimewekewa ulinzi. Joto lake likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe, na likizidi hapo huzima mashine. Mashine inayokuwa nzito kisha ikazimika pu, skrini ikawa nyeusi, ndiyo hasa mashine ya joto la prosesa. Inayobaki na picha iliyoganda kwa sababu ya joto mara nyingi inateswa na kadi ya picha au na vidude vya ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, ambavyo vingi havina ulinzi kama huo. Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni kufungua ubavu wa kasha na kuielekezea mashine feni ya mezani: ikiwa ilikuwa ikiganda kila baada ya nusu saa na sasa inafika saa tatu, joto limejitaja lenyewe. Usafi wenyewe hufanywa mashine ikiwa imechomolewa kabisa na kitufe cha kuwashia kikiwa kimebonyezwa kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nje ya nyumba, huku panga za feni zikizuiwa kwa kidole au kijiti, kwa kuwa feni inayozungushwa na upepo wa blowa hugeuka dainamo na huweza kurudisha umeme kwenye ubao, mbali na kuharibu beringi zake. Mafuta ya kupitisha joto, ambayo kwa miaka huwa yamekauka yakawa kama chaki, hufutwa kwa spiriti na kuwekwa mapya kiasi cha punje ya njegere. Wanaopaka kama siagi kwenye mkate hawaongezi chochote ila uchafu.

Diski ina tabia tofauti, na kwa mashine zilizotumika, ambazo ndizo nyingi katika maduka ya Afrika Mashariki baada ya kuhudumu miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba, pengine ndiyo inayostahili kushukiwa kabla ya joto. Diski ya kizamani, yaani hadi diski, ni sahani ya chuma au kioo yenye tabaka la sumaku, inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa umbali usioonekana kwa macho. Uso wa sahani umegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, na sekta ikianza kudhoofika, diski haikubali kushindwa mara moja. Hurudia kuisoma tena na tena, sahani ikizunguka kila mara, kwa sekunde kadhaa na pengine kupita nusu dakika. Wakati wote huo, programu iliyoomba data inasubiri, na zilizo nyuma yake katika foleni zinasubiri. Dalili yake huwa bayana kwa anayejua kutazama: mausi inasogea lakini hakuna kinachofunguka, taa ya diski iliyo mbele ya kasha inawaka moja kwa moja bila kupepesa, kisha ghafla kila kilichobofywa kinafunguka kwa pamoja kana kwamba hakuna kilichotokea. Mlio wa kugonga unaojirudia, tik, tik, tik, ukisikika juu ya hayo, hakuna sababu ya kuendelea na uchunguzi kabla ya kuokoa mafaili.

Diski hujitunzia taarifa za afya yake yenyewe, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzisoma na kuzionyesha kwa rangi, ya buluu kwa nzima, ya njano kwa inayotia mashaka na nyekundu kwa mbaya. Mistari miwili ndiyo ya kuangaliwa hasa: ule wa namba 05, unaohesabu sekta zilizokwisha kuachwa na kazi yake kuhamishiwa kwenye sekta za akiba, na ule wa C5, unaohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua hatima yake. Hesabu ya C5 inayoongezeka wiki hadi wiki ni taarifa ya msiba inayosomwa mapema. Hapa pana kosa ambalo hufanywa na watu wenye nia njema: wakishaona diski ina matatizo, huiamuru Windows ikague na kurekebisha diski nzima kwa amri ya chkdsk na herufi r, kazi inayolazimisha kila sekta kusomwa kwa saa nyingi, na diski iliyokuwa imebakiza nguvu za kuhamisha picha za harusi na vitabu vya hesabu za duka huishia njiani. Mafaili hunakiliwa kwanza, ukaguzi hufuata. Inafaa pia kubadilisha waya mwembamba unaounganisha diski na ubao, kwa kuwa waya uliolegea au uliokunjika huleta dalili zilezile za diski inayokufa, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya diski.

Iko hali nyingine inayofanana na ya diski mbovu ingawa diski ni nzima, nayo ni uchache wa kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM. Kumbukumbu hiyo ikijaa, mfumo huanza kuhamishia sehemu ya vilivyomo kwenye diski na kuvirudisha vinapohitajika. Kupata kitu kwenye RAM huchukua takriban sehemu moja ya milioni 10 ya sekunde, na kukipata kwenye hadi diski inayozunguka huchukua kama sehemu moja ya 100 ya sekunde, tofauti ya mara 100,000. Kama RAM ingekuwa mpishi anayenyoosha mkono kuchukua chumvi kwa sekunde moja, basi diski ingekuwa mpishi huyohuyo anayeondoka jikoni kwenda kuifuata chumvi na kurejea kesho yake, baada ya siku nzima na saa karibu nne. Mashine yenye gigabaiti 4, iliyofunguliwa kurasa ishirini za intaneti na programu ya kuhariri picha, haina ugonjwa wowote. Imepewa mzigo usio wake, na tiba yake ni kuongezewa RAM, au kupewa diski ya kisasa isiyo na sahani, maarufu kama SSD, ambayo hupunguza makali ya safari hizo.

RAM mbovu ni jambo jingine kabisa, tena ni jasusi. Kijiti kimoja cha gigabaiti 8 kina vyumba vidogo vipatavyo bilioni 68, kila kimoja kikitunza sifuri au moja, na chumba kimoja tu kikibadilisha kilichokabidhiwa, matokeo hutegemea kilichokuwamo: kikiwa ni rangi ya nukta moja ya picha, hakuna atakayejua, kikiwa ni anwani ambayo prosesa inatakiwa kuiendea, mashine hurukia mahali pasipo na maana na kukaa hukohuko. Kwa sababu hiyo RAM mbovu haina ratiba, na hukwepa hata macho ya fundi mzoefu. Windows ina kifaa chake cha kuipima, kinachoitwa kwa kuandika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia, lakini MemTest86, programu inayoanzishwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaamka, ni kali zaidi, hasa ikiachwa usiku kucha ikarudia vipimo vyake mara kadhaa. Hakuna idadi ya makosa inayoweza kuvumiliwa; kosa moja linatosha. Likitokea, vijiti huchomolewa na kupimwa kimoja kimoja, na kabla ya kukihukumu kijiti, meno yake ya rangi ya dhahabu husuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli na kupanguswa kwa kitambaa kikavu. Utaratibu huo wa kifutio, ambao wageni wa ufundi huucheka, una sababu yake: hewa yenye unyevu na chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja hufanya utando juu ya meno hayo, na kipande cha mpira cha shilingi chache hurudisha mgusano uliokuwa umepotea.

Umeme huja nyuma ya yote hayo, na ndio unaosahaulika kuliko yote. Pawa saplai, kisanduku cha chuma kinachopokea waya wa ukutani, hugeuza volti 230 za Tanzania, au 240 za Kenya, kuwa volti 12, 5 na 3.3, na utaratibu unaokubalika unaitaka ile ya 12 isishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Mashine inapoanza kazi nzito, mahitaji hupanda ghafla, na pawa saplai iliyochoka hushindwa kuyafuata. Volti huporomoka kwa kitambo kisichofika sekunde, prosesa hukosea hatua, na picha huganda. Katika duka la steshenari jirani mbaya huwa ni printa ya leza, ambayo huvuta umeme mwingi kila inapopasha moto rola zake, na ikiwa imechomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta, au vibaya zaidi kwenye UPS ileile, yaani betri ya akiba ya umeme, daftari la migando litaonyesha kwamba saa za kuganda ni saa za kuchapa. Dawa ni kuitenga printa kwenye soketi yake. Ndani ya pawa saplai yenyewe mtumiaji wa kawaida hana la kufanya, kwa kuwa zimo kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na hakuna tandiko la vumbi lenye thamani ya mshtuko huo. Hupimwa kwa kubadilishana na nyingine iliyo nzima.

Kapasita za ubao mkuu zinaweza kutazamwa bila hatari. Hizo ni mapipa madogo ya alumini yanayohifadhi umeme kidogo na kulainisha mawimbi yake, na kichwani yamechorwa mkato wa msalaba ili pipa likijaa gesi lipasukie hapo. Kichwa cha kapasita nzima huwa bapa kama sarafu. Kilichovimba, au chenye ukoko wa rangi ya kahawia kama kutu, hueleza kila kitu bila kipimo. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 soko la dunia lilifurika kapasita zilizokuwa na kimiminika kibovu ndani yake, na kampuni ya Dell ya Marekani ililazimika mwaka 2005 kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake zilizoathirika. Hata kapasita nzuri hazidumu milele: kanuni ya makadirio inayotumiwa na wahandisi husema kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu, na kwa hiyo vumbi la miaka iliyopita huweza kuwa ndilo lililoleta tatizo la umeme la leo.

Zikishaondolewa lawama za vifaa, zinabaki za programu, na hizo nazo haziko namna moja. Mashine iliyoanza kuganda siku mbili baada ya kuwekewa diraiva mpya ya kadi ya picha haihitaji mpelelezi. Iliyowekewa antivairasi mbili, kwa imani kwamba walinzi wawili ni bora kuliko mmoja, hujikuta kila faili likisimamishwa mlangoni na walinzi wanaoshukiana. Iliyowekewa programu ya kuvunja leseni ya Windows huwa imemkaribisha mwizi kwa mlango wa mbele, na mwizi huyo mara nyingine huitumia prosesa yote kwa mahesabu yake ya kuchimba sarafu za kidijitali. Hali salama, ambayo ni namna ya kuiamsha Windows ikiwa na diraiva za lazima pekee, husaidia kutenga makundi hayo, kwa sababu mashine inayoganda katika hali ya kawaida na kutulia katika hali salama imekwisha kuelekeza kidole kwenye kitu kilichoongezwa juu ya mfumo.

Zipo pia kasoro zilizozaliwa na programu yenyewe, ambazo hakuna usafi wa feni unaoweza kuziondoa. Windows 95 na Windows 98 zilihesabu muda tangu kuwashwa kwa milisekunde katika namba yenye nafasi ya biti 32, na nafasi hiyo hujaa baada ya siku 49.7, hivyo mashine iliyoachwa ikiwaka mfululizo kwa muda huo iliweza kuganda bila dalili yoyote ya awali, mpaka Microsoft ilipotoa marekebisho. Kwamba wengi hawakuigundua kasoro hiyo kunatokana na ukweli kwamba ni mashine chache sana za wakati huo zilizofika siku 49 bila kuganda kwa sababu nyingine. Kisa cha mbali zaidi ni cha chombo cha Mars Pathfinder cha Marekani, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997 na baada ya muda mfupi kikaanza kujizima na kujiwasha upya. Kazi yenye cheo cha chini, ya kukusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa imeshika ufunguo ambao kazi yenye cheo cha juu iliuhitaji, huku kazi za cheo cha kati zikiizuia ile ya chini kumaliza na kuuachia ufunguo huo. Saa ya ulinzi ilipoona kazi kuu haijakamilika kwa wakati, iliiwasha mashine upya. Wahandisi hawakubahatisha. Waliiendesha nakala ya chombo hicho duniani mpaka nayo ikapatwa na tatizo hilohilo, wakakiona chanzo, kisha wakatuma rekebisho dogo hadi Mirihi.

Fundi wa mtaani hana nakala ya mashine ya mteja, lakini ana kitu kinachokaribia, nacho ni flashi yenye Linux. Mfumo kama Ubuntu huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8 bila kusakinishwa na bila kugusa kilichomo kwenye diski, na mashine ikiachwa ifanye kazi humo kwa saa nyingi kuliko ule muda ambao kwa kawaida hauishi bila kuganda, jibu hupatikana: ikiganda humo pia, Windows haina hatia na kuipiga upya ni kupoteza muda na pesa za mwenye mashine, isipoganda, mashaka hurudi kwenye Windows, diraiva zake na diski inayoibeba. Kupiga Windows upya kuna mahali pake, hasa pale virusi vilipokita mizizi au mafaili ya mfumo yalipoharibika kiasi cha kushindwa kurekebishwa na amri ya sfc /scannow. Kosa liko katika kuifanya hatua ya kwanza, kwa sababu hufuta ushahidi wote kwa pamoja, na mara nyingine huonekana imeponya kwa sababu tu mfumo mpya umeandikwa kwenye sehemu nyingine ya diski, mbali na sekta mbovu, mpaka diski itakapojaa tena na kuifikia. Kwa sababu iyo hiyo, vifaa hubadilishwa kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayeweka RAM mpya, pawa saplai mpya na Windows mpya mchana mmoja huenda akaitengeneza mashine, ila yeye wala mteja wake hatajua kilichokuwa kibovu, na vifaa viwili vizima vitakuwa vimelipiwa.

Linabaki suala la lini mashine itangazwe kuwa imepona, ambalo kwa kawaida huamuliwa na haraka ya mteja badala ya daftari. Mashine iliyokuwa ikiganda kila saa moja ikimaliza siku nzima ya kazi bila kuganda inaweza kurudishwa jioni hiyohiyo kwa moyo mweupe. Iliyokuwa ikiganda mara moja kwa wiki haina tofauti yoyote, siku ya pili baada ya matengenezo, na mashine ambayo haijaguswa, kwa kuwa hata kabla ya matengenezo ilikuwa na siku sita nzuri katika kila saba. Huhitaji wiki tatu hivi za kazi ileile, katika chumba kilekile chenye joto lilelile, ikiwa imechomekwa kwenye soketi ileile, kabla ukurasa wake katika daftari haujafungwa.